Wako Wapi Wale Wanne?

Katika Injili ya Marko, sura ya pili, twasoma habari ya mtu mwenye kupooza aliyeletwa mbele ya Bwana wetu huko Kapernaumu. Kila mtoto wa mafundisho aijua: jinsi nyumba ilivyojaa watu hata mlangoni pakakosa nafasi, jinsi wenye kumchukua walivyopanda juu ya dari, wakaitoboa, wakamteremsha na godoro lake mpaka miguuni pa Yesu. Tumezoea kuhubiri juu ya imani yao, na ni haki. Lakini liko neno moja dogo ambalo mara nyingi twalipita bila kulitazama. Mwinjili ametaja hesabu yao. Walikuwa wanne.

Kwa nini wanne? Kwa sababu mtu mzima asiyeweza kujitikisa ni mzito. Mmoja hamwezi. Wawili watambeba kwa taabu, na wakichoka watamburuta. Wanne, kila mmoja na pembe yake ya godoro, humchukua sawasawa bila kumwumiza. Tena, tukifikiri vema, haiwezekani siku ile ikawa ndiyo siku ya kwanza kwa mtu yule kuhudumiwa. Mwenye kupooza hadumu hai kwa kazi ya siku moja. Kabla ya kufikishwa kwa Yesu kulikuwa na mikono iliyomlisha, ikamwosha, ikamgeuza usiku na mchana. Mikono hiyo Injili haikuitaja, lakini bila hiyo asingekuwapo mtu wa kupandishwa darini.

Basi swali letu juma hili ni hili. Mwenye kupooza tunaye. Tunaye Shinyanga na Kahama, tunaye Geita na Nyarugusu, tunaye katika kila kigango. Wako wapi wale wanne?

Nchi yetu ni nchi ya ng'ombe, ya pamba, na ya dhahabu. Dhahabu imewajenga wengi, nasi hatuidharau kazi ya wachimbaji, maana ni kazi ya jasho halali. Lakini twajua pia gharama yake. Katika mwezi wa Novemba 2015, watu watano walitolewa hai katika machimbo ya Nyangalata, wilaya ya Kahama, baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Januari 2017, watu 15 waliofunikwa katika mgodi mmoja huko Nyarugusu, Geita, waliokolewa wote wakiwa hai. Agosti 2025, huko Nyandolwa mkoani Shinyanga, watu 25 walifunikwa na kifusi, na safari hii vilio vilikuwa vingi kuliko shangwe. Kila mara taifa zima lilitega sikio. Watu walikesha kando ya mashimo wakichimba kwa zamu, hata kwa mikono mitupu, wala hapana aliyeuliza ni zamu ya nani au malipo ni kiasi gani.

Twafanya vema kumsifu mtu awezaye kukesha hivyo. Lakini iko habari nyingine isiyotangazwa. Ni habari ya yule aliyetolewa duarani akiwa hai, lakini uti wa mgongo umevunjika. Hufikishwa hospitali, hutibiwa, na baada ya majuma au miezi hurudishwa nyumbani kwa mama yake. Miguu haina nguvu wala haisikii. Siku ya kwanza nyumba hujaa watu. Baada ya mwezi huja wachache. Baada ya miezi sita hubaki mama, na mgonjwa, na ukuta. Wala si wachimbaji peke yao. Yuko aliyeanguka na pikipiki barabarani, yuko aliyeanguka mtini akikata kuni, yuko mzee aliyepigwa na kiharusi, yuko bibi ambaye uzee tu umemlaza. Wote hawa wana adui mmoja, naye si ule ugonjwa uliowalaza. Adui huyo ni kidonda cha kulalia.

Hapa yatupasa kukiri jambo mbele ya wasomaji wetu, maana haifai kuwaonya wengine huku tukijificha. Tulipokuwa tukihudumu katika parokia mojawapo ya sehemu hizi za machimbo, tulimtembelea kijana wa namna hiyo. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi tulimpelekea Komunyo. Tulikaa katika kigoda kando ya kitanda, tukasali, tukamfariji, tukacheka naye kidogo, kwa kuwa alikuwa kijana mcheshi. Tulimpa Mpako wa Wagonjwa, tukampaka mafuta matakatifu katika paji la uso na katika viganja. Tulitoka tukiamini kwamba tumetimiza wajibu wetu. Hatukuinua shuka hata mara moja. Hatukuuliza habari ya mgongo wake.

Mwezi wa nane tulisikia harufu tulipofika mlangoni. Mama yake aliinamisha uso kwa aibu. Ndipo tulipoomba kuona, naye akamgeuza mwanawe taratibu. Mahali pale juu ya matako, ambapo mfupa wa mwisho wa mgongo uko karibu na ngozi, palikuwa na shimo ambalo ngumi ya mtoto ingeingia. Kijana hakuwa akisikia maumivu, na kwa sababu hiyo hakupata kulalamika. Tulimwuliza yule mama, "Mama, humgeuzi?" Akajibu, "Namgeuza, Baba. Asubuhi namgeuza, na jioni nikitoka shambani. Lakini mimi ni mmoja, Baba, na usiku ni mrefu."

Tulimpeleka hospitali, lakini sumu ya kidonda ilikuwa imekwisha kuingia katika damu. Hakuuawa na kifusi, hakuuawa na mgongo uliovunjika. Aliuawa na usiku mrefu, na sisi tulikuwa tukipita nyumbani kwake mchana.

Wala habari haikwisha kaburini. Baada ya mazishi maneno yakaanza. Watu walinong'ona kwamba kidonda kile si cha bure, kwamba mtu hawezi kuoza akiwa hai pasipo mkono wa mtu, na macho yakaanza kumtazama yule mama mzee, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi ya miaka mingi jikoni. Hatuna haja ya kuwaeleza wasomaji wa Usukuma maana ya minong'ono ya namna hiyo. Twajua ni wanawake wazee wangapi wamelala wakiwa hai wakaamkia mauti kwa sababu ya macho mekundu na neno la mpiga ramli. Kwa neema ya Mungu katekista na wazee wa kijiji walisimama imara, na yule mama akasalimika. Lakini tangu siku ile tuliona wazi kwamba kutojua sababu ya kidonda si ujinga mdogo. Kwaweza kuzika watu wawili katika kaburi la mmoja.

Basi tuseme sababu yake wazi, mtu asije akatafuta mchawi. Ngozi na nyama huishi kwa damu, kama shamba liishivyo kwa maji. Sisi tulio wazima, hata tukilala usingizi mzito, twajigeuza mara nyingi pasipo kujua, maana mwili huchoka upande mmoja ukauhama. Mwenye kupooza hajigeuzi, na pengine hasikii kwamba amechoka. Mfupa wake huikandamiza nyama juu ya godoro, njia za damu huzibana, na nyama ile hukosa hewa na chakula. Ikikaa hivyo saa nyingi, hufa. Mara nyingi nyama huanza kufa ndani, karibu na mfupa, na ngozi ya juu huwa ya mwisho kupasuka. Ndiyo sababu kidonda huonekana kana kwamba kimetokea usiku mmoja, na ndiyo sababu tundu dogo juu laweza kuwa na pango chini yake. Hakuna aliyelitupia. Limeletwa na uzito wa mwili na saa zilizopita.

Mambo mengine huongeza hatari. Unyevu wa mkojo, choo au jasho huilainisha ngozi kama karatasi iliyolowa. Kumburuta mgonjwa juu ya mkeka huivuta ngozi upande huu na mfupa upande ule, na nyama iliyo kati huchanika. Njaa nayo huidhoofisha ngozi, maana mwili usiopata chakula cha kujenga hauna kitu cha kutengenezea palipoharibika.

Tukiisha kujua sababu, kinga si fumbo. Tutaieleza kwa urefu, kwa kuwa twaamini kwamba maneno haya nayo ni mahubiri, na kwamba gazeti hili litasomwa pia kando ya vitanda.

La kwanza ni kumgeuza. Mtu alalaye kitandani asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku: mgongo, kisha ubavu wa kulia, kisha ubavu wa kushoto. Akilazwa ubavu asilazwe wima juu ya mfupa wa nyonga. Aegemezwe nusu tu, mto ukiwa nyuma ya mgongo wake. Mto mwingine uwekwe kati ya magoti, mifupa isigongane. Mto mwembamba uwekwe chini ya ndama za miguu ili visigino vielee visiguse godoro. Asiye na mito asiseme hana. Nchi hii ni ya pamba. Mfuko wa nguo kuukuu uliojazwa pamba ni mto wa kutosha. Tena wanaomgeuza wawe wawili, wamwinue kwa shuka lililokunjwa chini yake, wala wasimburute.

Anayekaa katika kiti cha magurudumu asidhani amepona hatari. Uzito wake wote uko juu ya mifupa miwili ya matako. Kila nusu saa au mapema zaidi ajiinue kwa mikono, au ainame mbele na pembeni, dakika mbili hivi, damu ipate kupita. Kiti kiwe na mto mzuri. Asikalie ubao mtupu wala mpira wa tairi uliojazwa hewa kama pete, kwa maana pete hiyo huibana damu pande zote na kuongeza madhara.

La pili ni kumtazama. Kila asubuhi na kila jioni, penye mwanga, shuka liinuliwe. Tazameni kisogo, mabega, viwiko, mahali pale juu ya matako, nyonga, magoti, vifundo vya miguu na visigino. Vitabu vingi husema tutafute wekundu, lakini katika ngozi yetu nyeusi wekundu haujitokezi upesi. Tafuteni mahali palipozidi weusi au kuwa zambarau kuliko ngozi ya jirani, kisha mpaguse kwa mgongo wa mkono. Pakiwa pa moto au pa baridi kuliko penginepo, pakiwa pagumu au palaini kama tope, hiyo ndiyo baragumu ya hatari. Ondoeni uzito mahali pale mara moja, wala asilalie tena upande huo mpaka alama imekwisha kabisa. Msipasugue. Wengi hudhani kusugua kunaamsha damu, kumbe huivunja nyama iliyokwisha kuumia.

La tatu ni ukavu na usafi. Mgonjwa akijichafua aoshwe upesi kwa maji safi na sabuni isiyo kali, akaushwe kwa kugusagusa si kwa kufikicha, kisha apakwe mafuta mepesi. Shuka linyooshwe lisiwe na mikunjo, makombo yakung'utwe, na gunia lenye nyuzi kali liondolewe. Nyumba iwezayo kupata godoro la sponji isimlaze mgonjwa juu ya mbao na ngozi ya ng'ombe. Wala asiwekewe chupa ya maji ya moto wala jiko karibu na miguu isiyosikia. Ataungua asijue.

La nne ni chakula. Ugali na mboga za majani peke yake havitoshi. Dagaa wa ziwa letu, maharage, karanga, maziwa na yai moja kila ipatikanapo, hivyo ndivyo viijengavyo ngozi. Naye apewe maji ya kutosha. Wako wanaomnyima maji mgonjwa ili asikojoe mara kwa mara. Twaelewa uchovu unaowasukuma, lakini wanampunguzia kazi mtu wa leo na kumzidishia wa kesho.

Na ikiwa ngozi imekwisha kupasuka, msitie majivu, wala unga wa betri, wala samadi, wala majani yaliyopondwa. Lifunikeni donda kwa kitambaa safi, mgonjwa asililalie, na aonwe zahanati bila kungoja siku ya gulio. Kukiwa na usaha, harufu, homa au kutetemeka, aende hospitali siku ile ile. Muuguzi wa zahanati na mhudumu wa afya wa kijiji si watu wa kuogopwa. Waiteni nyumbani, wawaonyeshe kwa mikono yao yale tuliyoyaandika hapa kwa kalamu.

Labda msomaji atasema, "Padre, hayo ni ya Ulaya penye vitanda vya umeme." La hasha. Hata huko Ulaya jambo hili lilianza kwa mikono. Zamani, askari aliyevunjika uti wa mgongo vitani alihesabiwa kuwa maiti inayongoja siku. Wengi walikufa mapema kwa vidonda vya kulalia na kwa maradhi ya njia ya mkojo, nao matabibu walikata tamaa. Mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, alikabidhiwa kazi hiyo daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia mateso ya Ujerumani mwaka 1939. Aliamuru jambo lililowaudhi wengi kwa urahisi wake: kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na yeye mwenyewe alizunguka vyumbani usiku kuhakikisha. Dawa mpya za kuua vijidudu zilisaidia, hatukatai. Lakini dawa haimgeuzi mtu. Watu waliohesabiwa wafu wakaanza kuishi, wakakaa vitini, wakafanya kazi. Mwaka 1948 alianzisha michezo ya wenye viti vya magurudumu katika uwanja wa hospitali ile, na michezo hiyo ndiyo iliyokua ikawa ile ya Paralimpiki inayotazamwa leo na dunia nzima. Vitanda vyake vya kwanza havikuwa na umeme. Vilikuwa na mikono, na saa ukutani.

Basi mikono tunayo. Saa tunazo hata katika simu zetu. Kinachokosekana ni kugawana usiku.

Hebu tuhesabu pamoja. Siku moja ina saa 24, yaani mageuzo 12. Mchana, watu wa nyumbani wakiwa wamefundishwa, wanaweza wakisaidiana. Mzigo wa kumvunja mtu mmoja ni ule wa usiku: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, na saa kumi na mbili alfajiri. Ni mara tano. Jumuiya Ndogo Ndogo ikipata watu 14 wenye moyo, wakapangwa wawili wawili, kila jozi hukesha usiku mmoja tu kwa juma zima. Usiku mmoja! Mama atalala usingizi siku saba, na mwanawe ataishi. Hii si hesabu ya wataalamu. Ni hesabu ya wale wanne wa Kapernaumu.

Wala jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu walijua basumba, vijana wa kijiji waliolima shamba la mtu kwa pamoja na kwa nyimbo, kazi ya mwezi ikaisha kwa siku moja. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, ni katika sehemu hizi hizi za Kahama na Shinyanga ambako watu walijipanga kwa sungusungu, wakagawana usiku, wakalinda. Yowe likipigwa, kila mwanamume alitoka na upinde wake. Nasi twauliza kwa upole: kijiji kilichoweza kukesha kwa ajili ya ng'ombe, kitashindwa kukesha kwa ajili ya mtu? Mwizi huyu naye huja usiku. Huchukua kidogo kidogo, wala mwenye mali hasikii.

Hapa twataka kusema na wanaume. Tumetembelea nyumba nyingi, na karibu kila nyumba aliyeko kando ya mgonjwa ni mama, au mke, au dada. Akina mama wa WAWATA huja, huosha, hupika, hufua. Wanaume hufika mlangoni, hutoa pole na fedha kidogo, huketi chini ya mwembe. Husema uuguzi ni kazi ya wanawake. Lakini mwanamume mzima aliyepooza ana uzito ambao mwanamke mmoja hauwezi, na anayo haya yake. Hapendi kufunuliwa mbele ya mama yake, wala mila haimruhusu mkwe kumgusa. Hulala katika uchafu wake akisema, "Sijambo, niacheni," kwa kuwa haya ni kali kuliko kidonda asichokisikia. Nani wa kumwondolea haya hiyo, kama si wanaume wenzake?

Na ninyi mliokuwa mkiteremka naye duarani, mwajua sheria ya shimo. Mtu hashuki peke yake. Yuko wa chini, na yuko wa juu ashikaye kamba, na aliye juu haondoki, hata njaa imwume, mpaka mwenzake ametoka. Mwenzenu bado yumo shimoni. Shimo lake sasa ni kitanda, na kamba ile imo mikononi mwenu. Msiiache.

Yuko pia mcha Mungu asemaye kwamba yote ni mapenzi ya Mungu, na kwamba mgonjwa auchukue msalaba wake. Neno hili yatupasa kulipima, maana laweza kuwa la kweli, na laweza kuwa udhuru. Yako mateso yasiyozuilika. Hayo mgonjwa aweza kuyaunganisha na mateso ya Kristo, na thamani yake mbinguni ni kubwa. Lakini mateso ambayo jirani angeweza kuyazuia kwa kuamka mara tano usiku hayakuandikwa katika msalaba wa mgonjwa. Yameandikwa katika deni letu. Yule Samaria aliyemkuta mtu njiani hakumhubiria subira. Alishuka, akainama, akagusa majeraha, akalipa gharama, akaahidi kurudi. Kuhani alikuwa amepita upande wa pili. Tunayaandika maneno hayo tukijua vema ni nani kati yetu anayevaa kanzu.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu, wala si makubwa. Kwanza, Jumapili hii kila Jumuiya ihesabu wagonjwa wake wasioweza kujigeuza, iandike majina yao na nyumba zao katika daftari, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, Waislamu na wasio na dini, maana ngozi haina dhehebu. Pili, kila jina lipangiwe watu wa usiku, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na muuguzi wa karibu aombwe kuwafundisha kwa siku moja. Tatu, sisi mapadre, na makatekista, na wote wanaopeleka Komunyo kwa wagonjwa, tusitoke nyumbani kwa mgonjwa kabla ya kuuliza, kwa adabu na kwa faragha, hali ya mgongo wake. Katekisimu yatufundisha kwamba kuwatembelea wagonjwa ni tendo la huruma ya mwili. Hatujautembelea mwili ikiwa tumeutazama uso peke yake.

Yule mama yu hai mpaka leo. Tulipopita kwake siku za karibuni alikuwa akianika michembe uani, naye alitupa kigoda tuketi. Hakutulaumu. Alituuliza tu habari za kijana mwingine wa kijiji cha pili, aliyeanguka duarani miezi mitatu iliyopita, kama tumemwona. Tulisema tumemwona. Akauliza, "Na usiku, Baba, anaye mtu?" Hatukuwa na jibu. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema yeye amezeeka, kumwinua hawezi tena, lakini kukesha anaweza, na kuhesabu saa anaweza. Alimtaka mtu wa pili tu, mwenye nguvu.

Mmoja amekwisha kupatikana, wasomaji wapenzi. Wamebaki watatu.